Kupanua tiba mtandao katika hospitali ndogo: anzieni kwenye daftari la rufaa

Katibu wa Afya wa hospitali ndogo kusini mwa mkoa wa Kigoma ameandika kwamba kwa muda sasa hospitali yao imekuwa ikituma picha za eksirei kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa na kupokea majibu kwa simu, na kwamba uongozi unataka huduma hiyo ifike kwenye kliniki za wajawazito, ngozi, kisukari na shinikizo la damu, na afya ya akili. Anauliza mambo matatu: waanzie wapi, kama wagonjwa wanaweza kufuatiliwa wakiwa nyumbani kwa simu, na wamjibu nini mfadhili aliyejitolea kuwawekea chumba kizima cha vifaa vya mikutano ya video.

Ndugu Katibu,

Jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya daftari lenu la rufaa. Lichukueni la miezi kumi na miwili iliyopita, mkae wewe, Mganga Mfawidhi, muuguzi kiongozi na mtunza takwimu, kisha mbele ya kila jina mwandike kwa nini mgonjwa alipelekwa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza, na alipofika alifanyiwa nini. Pale ambapo fomu ya mrejesho haikurudi, na ninajua zitakuwa nyingi, pigeni simu mwulize. Mkimaliza mtaona makundi matatu. Wako waliohitaji mikono ya mtu, yaani upasuaji, damu au chumba cha uangalizi maalumu, na hao hakuna kioo kitakachowasaidia zaidi ya kuwaharakishia safari. Wako waliohitaji jicho au uamuzi: picha isomwe, dozi ibadilishwe, mtu mwenye uzoefu aseme kama huyu asafiri leo au asubiri. Na wako waliosafiri kwa sababu dawa au kitendanishi kilikuwa kimekwisha. Kundi la kwanza ni kazi ya gari la wagonjwa, la tatu ni suala lenu na Bohari ya Dawa, na ni la pili peke yake ambalo tiba mtandao inaweza kulibeba. Upanuzi wenu uwe na ukubwa wa kundi hilo, hata kama ni dogo kuliko mpango uliokwisha kuandikwa.

Kati ya kliniki mlizozitaja, nawashauri muongeze moja kwanza, na ya pili isianze mpaka maswali ya ile ya kwanza yawe yanajibiwa ndani ya muda mliokubaliana kwa angalau robo mwaka mfululizo. Kigezo cha kuchagua ni kwamba wagonjwa wawe wengi, swali liweze kuelezwa kwa maneno au kwa picha, na jibu liweze kutekelezwa hapohapo kwa kilichomo kwenye kabati lenu la dawa. Kigezo hiki cha mwisho husahauliwa mno. Daktari bingwa aliyekaa mjini huandika dawa aliyozoea kuandika, mgonjwa akaambiwa akanunue Kigoma mjini, na safari ambayo teknolojia ilikuja kuifuta ikabaki palepale, sasa ikiwa na gharama ya bando juu yake. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza mpelekeeni daktari huyo orodha ya dawa na vipimo mlivyo navyo, na muibadilishe kila mwezi.

Kwa vigezo hivyo, ningeanza na wajawazito wenye shinikizo la damu, nikafuatia ngozi. Afya ya akili ningeiweka ya tatu, si kwa sababu haifai kwa mtandao, maana inafaa kuliko nyingi, bali kwa sababu inadai chumba chenye faragha ya kweli na bingwa aliye tayari kukaa na mtu mmoja kwa nusu saa au zaidi. Kisukari na shinikizo la kawaida huhitaji zaidi utaratibu mzuri wa kliniki yenyewe: mizani, vipande vya kupimia sukari, na kadi inayojazwa. Hivyo vikikosekana, bingwa hana cha kujibu.

Jambo la pili ambalo uongozi wenu unapaswa kulielewa mapema ni kwamba sehemu kubwa ya tiba mtandao yenye manufaa haihitaji video. Mwaka 1999 taasisi ya hisani ya Swinfen ya Uingereza iliiunganisha hospitali ya kurekebisha walemavu iliyo karibu na Dhaka, Bangladesh, na mabingwa wa nje kwa kutumia kamera ya kidijitali na barua pepe, na mpangilio huohuo ukaenea katika nchi nyingine nyingi. Swali linaandikwa asubuhi, picha inaambatanishwa, bingwa analijibu akitoka wodini. Hakuna anayemsubiri mwenzake kwenye kioo, na mtandao ukikatika saa nne ujumbe utaondoka saa tano. Video ina mahali pake, hasa afya ya akili, mazoezi ya viungo na kumwelekeza mkunga wakati wa dharura, lakini kuifanya kuwa mlango wa kila huduma ni kuziweka huduma zote chini ya rehema ya mnara wa simu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha moja ya kifua iliyopigwa kwa mashine ya kidijitali, ikiwa haijabanwa, huwa na takribani megabaiti 10. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde itaondoka kwa muda usiozidi dakika moja na nusu. Kipimo cha CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, chenye vipande 300, kila kimoja kikiwa na nusu megabaiti, ni megabaiti 150, nacho kwa kasi hiyohiyo kitachukua dakika 20 endapo hakuna mwingine anayetumia laini. Ninyi hamna CT, kwa hiyo msiuziwe mtambo wa kuhifadhi na kusafirisha picha uliokusudiwa hospitali ya kanda. Pimeni kasi ya kupakia, siyo ya kupakua ambayo ndiyo hutangazwa kwenye mabango, na mpime saa nne asubuhi siku ya kliniki, wakati wagonjwa na ndugu zao wamejaa na kila mmoja ana simu mkononi.

Nije sasa kwenye swali linalotumwa, kwa sababu hapo ndipo huduma hizi hufia. Ujumbe unaosema "Daktari, naomba ushauri kuhusu mama huyu, ana presha" haujibiki. Bingwa atauliza maswali sita, tabibu atakuwa ameshaingia chumba cha uzazi, na jioni pande zote mbili zitakuwa zimechoka. Linganisha na huu: "Mama wa miaka 34, mimba ya tano, wiki 31. Presha 158/104, ikarudiwa baada ya muda wa saa nne 156/102. Protini kwenye mkojo ++. Haumwi kichwa, haoni maluweluwe, hana maumivu ya chembe. Mtoto anacheza. Anatumia methyldopa 250 mg mara tatu kwa siku tangu juzi. Hatuwezi kupima utendaji wa ini. Swali: tuongeze dozi na kumlaza hapa, au asafiri leo?" Ujumbe huo unasomwa kwa dakika moja na unajibika kwa mistari miwili. Tengenezeni fomu ya nusu ukurasa kwa kila kliniki, sentensi yake ya mwisho iwe inaanza na neno "Swali", na iwe marufuku kutuma kabla ya sentensi hiyo kujazwa. Tabibu wenu watalalamika wiki mbili za kwanza. Baada ya hapo wataanza kugundua kwamba maswali mengine wameyajibu wenyewe walipokuwa wakiyaandika.

Picha nazo zina adabu yake. Kama bado mnatumia filamu za eksirei, ziwekwe kwenye boksi la taa, taa ya chumba izimwe, flashi ya simu izimwe, simu ishikwe sambamba na filamu bila kuinamisha, na alama ya kushoto au kulia ionekane ndani ya picha. Kwa ngozi zipigwe picha tatu: ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, ya karibu, na ya pembeni inayoonyesha mwinuko, mwanga wa dirishani ukitumika na rula ikiwekwa kando ya kidonda. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwenye kamera, kwa hiyo anayepiga picha aguse pia, aandike kama pana joto, kama pamevimba, na kama mgonjwa anahisi mguso. Alama ya ngozi isiyohisi mguso ni jambo la kufikiria ukoma, na hilo hakuna kamera itakayolisema. Moshi kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, chini ya hospitali ya KCMC, ambako madaktari wa fani hiyo hufundishwa; mkitafuta pa kupeleka maswali ya ngozi, mkoa wenu uanze kubisha hodi huko.

Upande wa pili wa waya ndio unaogharimu. Huduma mliyo nayo sasa, kama nilivyokuelewa, inasimama juu ya hisani ya daktari mmoja anayejibu kwa simu yake binafsi. Akihamishwa au akienda masomoni, huduma imekwisha. Kabla ya kuongeza kliniki hata moja, uongozi wenu na wa hospitali inayojibu waandikiane hati ya makubaliano inayotaja nani anajibu, nani anashika nafasi yake, maswali ya dharura yajibiwe ndani ya saa ngapi na ya kawaida ndani ya siku ngapi, na daktari huyo analipwaje au anapunguziwa zamu gani. Tuseme mmekubaliana posho ya shilingi 15,000 kwa kila jibu na mnatuma maswali 40 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 600,000, na lazima zionekane kwenye bajeti ya mwaka kama zinavyoonekana za mafuta ya gari. Kama hazionekani, msipanue.

Hati hiyo ieleze pia kwamba anayejibu anashauri, na anayemtibu mgonjwa ndiye mwenye mgonjwa. Kila jibu lichapishwe au linakiliwe kwenye faili la mgonjwa, likiwa na jina la aliyeshauri, tarehe na saa. Ushauri uliobaki kwenye simu ya mtu haupo. Na endapo rafiki wa hospitali atawaletea daktari wa kujitolea aliye nje ya nchi, muulizeni Baraza la Madaktari Tanganyika kwanza, kwa sababu anayetibu raia wa Tanzania anapaswa kusajiliwa hapa, na mpaka kati ya kushauri na kutibu ni vizuri mkawekewa na Baraza lenyewe kwa maandishi.

Kuna mfano wa Marekani ambao nadhani unawafaa kuliko picha nyingi za hospitali zenye roboti. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliosubiri kliniki yake kwa takribani miezi minane na kusafiri mbali kuifikia. Badala ya kuwaona wagonjwa hao kwa video, aliwakusanya watoa huduma wa vijijini mara moja kwa wiki kwa njia ya mtandao, kila mmoja akaeleza mgonjwa wake, wakajadiliana, na polepole wakaanza kuwatibu wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, kwa wagonjwa 407, yalionyesha kwamba waliopona virusi vijijini na magerezani walikuwa asilimia 58.2 na waliotibiwa chuo kikuu asilimia 57.5. Ninyi mnaweza kuwa na saa moja kila Alhamisi mchana, tabibu na wakunga wenu pamoja na bingwa mmoja, wagonjwa watatu wakijadiliwa bila majina. Saa hiyo itawapunguzia maswali ya mwaka ujao, jambo ambalo kifaa hakiwezi kulifanya.

Hilo linanifikisha kwenye upande ambao barua yako haikuutaja kabisa. Mnapofikiri kupanua, mnatazama juu, Maweni na Bugando na Muhimbili. Lakini chini yenu kuna zahanati na vituo vya afya, baadhi vikiwa kando ya Ziwa Tanganyika ambako mgonjwa hufika kwenu kwa boti, na muuguzi wa huko yuko peke yake usiku kama ninyi mlivyo peke yenu mbele ya bingwa. Kwa muuguzi huyo, daktari wenu wa zamu ndiye bingwa. Laini moja ya simu ya hospitali, inayoshikwa na daktari wa zamu saa zote na kukabidhiwa pamoja na daftari la zamu, ni upanuzi wa tiba mtandao ulio na tija kubwa kuliko vyote nilivyotaja. Mama mwenye presha ya 160/110 na kichwa kinachouma apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, kabla hajapanda boti. Uamuzi huo unahitaji simu ya dakika tatu. Usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga tayari una utaratibu wake wa m-mama kwa namba 115 isiyotozwa, kwa hiyo laini yenu isishindane nao, bali iandikwe kwenye bango moja pamoja nao: 115 kwa usafiri, namba yenu kwa ushauri wa tiba wakati usafiri unakuja.

Kuhusu umeme sitasema mengi, kwa kuwa watu wa Kigoma, walioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, hawahitaji kufundishwa kukatika kwa umeme. Kompyuta mpakato, ruta, kioo kidogo na taa hutumia wati 125 hivi. Kwa saa sita ni wati-saa 750. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 lakini haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo mnahitaji mbili, na zisiunganishwe na friji ya chanjo wala na taa za wodi. Laini za intaneti ziwe mbili za mitandao tofauti yenye minara tofauti, moja ikiwa ya akiba. Mkilazimika kuchagua kati ya fedha ya kamera nzuri na fedha ya kipaza sauti kizuri, nunueni kipaza sauti. Wazee wengi watakaoletwa watazungumza Kiha, muuguzi atatafsiri, na mazungumzo ya watu watatu hayavumilii mwangwi.

Swali lako la pili, la wagonjwa wa nyumbani, nalijibu hivi: inawezekana, kwa mgonjwa ambaye mmeshamwona ana kwa ana na mpango wake wa tiba umeandikwa. Msitengeneze programu ya simu. Wengi wana kitochi, na wenye simu janja hawana bando kila siku. Pigeni ninyi, kwa gharama ya hospitali, siku na saa inayojulikana. Kabla ya yote muulizeni mgonjwa simu ni ya nani. Mara nyingi namba iliyo kwenye kadi ya mama ni ya mume, ya kaka au ya jirani mwenye duka, na ujumbe unaomkumbusha mtu dawa za VVU au za akili ukisomwa na jirani umeshamdhuru. Kwa hiyo kwenye kadi iandikwe namba, mwenye simu, na kama anaruhusu kuachiwa ujumbe; anayepiga aanze kwa kuthibitisha anazungumza na nani kabla ya kutaja hospitali. Wagonjwa walioonwa na madaktari bingwa wanaozunguka kwenye hospitali za halmashauri, kama wale wa kampeni ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2024, ni kundi zuri la kuanzia, maana bingwa huondoka baada ya wiki na mgonjwa hubaki na mshono au dozi mpya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hospitali yenu hilo lina maana ya mambo ya kawaida kabisa: simu ya kazi iwe mali ya hospitali na iwe na nywila, picha zisiingie kwenye albamu ya mtu binafsi, makundi ya WhatsApp yenye watu ishirini yasipokee uso wa mgonjwa, na fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa. Kuhusu malipo, muulizeni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa barua kama ushauri wa mtandao unalipiwa na kwa kiwango gani kabla ya kuuingiza kwenye makadirio ya mapato. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wana msamaha, na hao ndio wengi wa mtakaowahudumia, kwa hiyo mpango unaotegemea ada za wagonjwa hautafika mwaka wa pili.

Msiwaahidi wakubwa kwamba rufaa zitapungua. Miezi ya mwanzo huenda zikaongezeka, kwa sababu bingwa ataona hatari ambazo zilikuwa zinapita, na mama ambaye angekaa wodini siku tatu atasafirishwa siku hiyohiyo. Pimeni maswali mangapi yamejibiwa ndani ya muda, mangapi jibu lake lilitekelezeka, na wangapi waliosafiri walisafiri mapema.

Mfadhili asikataliwe. Aandikiwe kwamba hospitali inashukuru, na kwamba badala ya chumba cha video inaomba thamani hiyohiyo igawanywe: simu janja mbili na kompyuta moja, betri na paneli, laini mbili za intaneti zilizolipiwa miezi 24, na posho za wanaojibu kwa muda huohuo, huku halmashauri ikiahidi kwa barua kuzibeba gharama hizo kuanzia mwezi wa 25. Barua ya halmashauri itangulie na iambatanishwe, ikiwa na saini ya Mkurugenzi na ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Endapo mfadhili atasema fedha zake haziruhusiwi kulipa posho wala bando, basi pokeeni betri na paneli peke yake, na ile laini ya daktari wa zamu kwa ajili ya zahanati muianzishe wiki hii kwa fedha mlizo nazo.